Viroboto wa Ghala la Mahindi

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwa Mwalimu Johana lilikuwa kuzoa panya. Sumu ilikuwa imefanya kazi ghalani. Yeye alifagia, binti yake Cheptoo akakumbatia gunia, wakicheka. Baadaye homa ikamshika Cheptoo, na jioni hii ya Agosti 1996 alikuwa bado amelazwa. Homa iliyokosa jina ndiyo iliyomchukua mamake mwaka uliotangulia. Johana alipotoka wodini alipitia benchi la chai la Marcella, hapo Litein. Wenzake hawakumwacha akae peke yake, naye aliwashukuru kwa hilo hata walipopayuka.

— Hiyo ni malaria, Mwalimu, alisema Kipkurui, aliyeitwa Redio kwa kutozimika.

— Damu imepimwa mara mbili. Hakuna malaria.

— Basi taifodi, alisema Oyugi, mchochea tanuri la mvuke la kiwanda cha chai. Wote walimwita Boila.

— Dawa ya taifodi amemeza. Homa iko pale pale.

— Ni stima! alisema Redio. Tangu waya zipite juu ya shamba, hata ng'ombe yangu inakohoa.

— Inakohoa juu unavuta sigara ukiikamua, mzee.

— Na wewe Boila, si jana ulisema ni moshi wa kiwanda?

— Nilisema mwezi. Mwezi ukijaa, damu inapanda kichwa.

Johana alijikuta akicheka. Hapo daktari mpya wa hospitali, Dorcus, akaketi na kikombe chake.

— Mwalimu, leo nimeona vipele tumboni mwa mtoto. Kwenu kuna panya?

— Walikuwepo. Tuliwaua wote, alisema Johana, kwa fahari kidogo.

— Na viroboto wao walienda wapi?

Hata Redio alizimika.

— Panya akipoa, kiroboto anatafuta damu moto, alisema Dorcus. Nani alizoa?

— Mimi nilifagia. Yeye alishika gunia.

— Basi nashuku homa ya viroboto. Hapa hatuna mashine ya kuipima. Jibu lako ndilo kipimo. Dawa yake ninayo, tunaanza sasa hivi.

— Daktari, mamake...

— Najua, Mwalimu. Twende.

Johana aliacha chai yake ikifuka moshi. Marcella aliifunika kwa sahani.

Asubuhi iliyofuata Cheptoo, aliyekuwa akigeuza uso kila akiona chakula, alifungua macho.

— Baba, nataka uji.

— Asante, alijibu Johana, akatoka mbio kutafuta kikombe.