Erwin Chovanec na Hori la Kumi na Tatu

Marehemu Erwin Josef Chovanec alizaliwa tarehe 9 Februari 1938, au tarehe 11, inategemea unamwuliza nani. Mama yake alishikilia tisa, kitabu cha ubatizo kinasema kumi na moja, na yeye mwenyewe alikula keki siku zote mbili bila kuona tatizo lolote. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Josef na Vlasta Chovanec, wakulima wa pamba wa Moravka, kaunti ya Jim Wells, kusini mwa Texas. Wasifu huu umeandikwa na binti yake Darlene, mkutubi mstaafu wa Houston, mtu anayependa kila kitu kikae kwenye rafu yake. Ameuandika mara tatu tangu Alhamisi, na mara mbili za kwanza alikosea kabisa.

Marehemu alianza shule ya parokia Januari 1945, akijua Kicheki peke yake. Wiki yake ya kwanza yote alikaa katika darasa la wakubwa, lililokuwa na jiko la kuotea moto, kwa sababu mtawa mmoja alimwuliza jambo kwa Kiingereza naye akaitikia kwa kichwa. Dada yake Agnes ndiye aliyemwona huko na kumtoa kwa kumvuta sikio.

"Mbona hukusema kwamba si darasa lako?"

"Huku ndiko kwenye jiko."

Shangazi Agnes, ambaye leo yuko nasi, anasema kaka yake hakubadilika tangu siku hiyo. Alifanya alichofanya, ukimwuliza akakupa maneno manne, na mengine ukayatafute mwenyewe. Alimaliza darasa la nane mwaka 1952 akarudi shambani.

Mwaka 1957 aliajiriwa katika jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, akahudumu miaka arobaini na mmoja hadi alipostaafu Novemba 1998. Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kufungia marobota. Kila robota hufungwa kwa waya, na vipande vilivyokatika alivirudisha nyumbani katika ndoo, vikajaza nusu ya banda. Mkewe alipouliza ni vya nini, alijibu, "Vitapata kazi." Vilikaa miaka ishirini na sita bila kazi.

Vilipata kazi wakati wa ukame wa 1983. Kulungu walikuwa wamekonda mpaka mbavu zinahesabika, na mahindi aliyowatupia yaliliwa na nguruwe pori kabla kulungu hawajafika. Marehemu akakumbuka mbegu za pamba. Nguruwe hawazitaki, na kulungu huzifuata kutoka mbali. Shida yake ni kwamba mbegu za jineri hubaki na manyoya, hushikana, na ukizitia kwenye pipa la kulishia lenye tundu chini hazishuki hata kwa fimbo. Akachukua kipande cha wavu wa uzio, akakikunja kikawa duara, akakizungushia nguzo tatu za chuma, akafunga kila kiungo kwa waya wa marobota, akamimina mbegu ndani. Kulungu alisimama nje akazichomoa kwa ulimi kupitia matundu. Kwa kuwa marehemu alitumia mkono wa kushoto, waya zake zote zilisokotwa kuelekea kushoto, na majirani walitambua hori lake kwa kulitazama mara moja. Katika ekari zake mia mbili na kumi na mbili za vichaka alijenga mahori kumi na mawili. Hayo ndiyo tuliyoyajua.

Tarehe 7 Mei 1960 alifunga ndoa na Albina Migl, aliyekutana naye kwenye ukumbi wa dansi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Darlene na Leonard. Hori la kwanza alilijenga mbele ya dirisha la jikoni, hatua arobaini, kwa sababu Albina alitaka kuwaona kulungu akiosha vyombo. Aliwapa majina ya shangazi zake wote, na akatangaza kwamba atakayempiga risasi kulungu wa dirishani kwake atafute pa kula. Kulungu nao walishukuru kwa kumalizia na mawaridi yake. Marehemu alipotaka kulihamishia hori mbali, Albina alimzuia.

"Acha, Erwin. Ua linaota tena."

Habari hiyo ya mawaridi Darlene hakuijua. Alikuwa ameshahamia Houston, na ameisikia kwa mara ya kwanza juzi Jumamosi, kutoka kwa Shangazi Agnes. Angeijua mapema angejiepusha na mengi.

Albina alifariki tarehe 14 Oktoba 2014 na kuzikwa hapa hapa tulipo. Baada ya hapo marehemu alianza tabia ambayo hakuna aliyeielewa. Kila Jumapili, misa ikiisha, wenzake walimngoja ukumbini kwa karata na soseji, naye alitoweka mpaka saa tisa alasiri. Darlene alipiga simu kutoka Houston, ikaita weee bila jibu. Akawaza mambo. Akamwuliza ndugu yake kama Baba amepata mwanamke. Leonard akasema kama amempata, basi ni mwanamke anayependa manyoya ya pamba, maana koti la Baba limejaa manyoya.

Kisha ikaja Siku ya Marehemu Wote, Novemba 2, 2016. Kama kawaida yetu, makaburi yote yalikuwa yamepambwa, mishumaa inawaka, padri anapita akinyunyiza maji ya baraka. Makaburi ya wenzetu yalikuwa na maua ya plastiki, mekundu yanawaka. La Albina lilikuwa na mabua saba ndani ya kopo. Darlene aliona aibu mbele ya ukoo mzima, na hapo hapo, padri hajafika hata safu ya pili, akamvaa baba yake.

"Baba, hata ua moja? Kwa Mama?"

"Nimemletea jana."

"Yako wapi?"

"Yameliwa," alisema, na akatabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililomtia Darlene hofu. Makaburi haya yamezungukwa na mashamba ya pamba pande tatu, na hakuna mtu aliyewahi kuona kulungu humu. Darlene aliona mambo ni mawili tu: ama Baba anasema uongo juu ya kaburi la Mama, ama akili zimeanza kumtoka. Akachagua la pili, kwa upendo, akampeleka kwa daktari mjini Corpus Christi. Marehemu alitaja siku, mwezi na mwaka, akahesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa saba saba mpaka daktari akamwambia inatosha. Kwenye fomu, mahali pa maelezo ya familia, Darlene aliandika kwa mkono wake: "Anaamini maua ya makaburini huliwa." Marehemu aliisoma fomu ile, akaikunja vizuri, akamrudishia. Njiani hakusema neno, ila alipofika nyumbani alimkatia kolache, keki ya Kicheki ya mbegu za popi, kipande kikubwa.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2017, miguu ikavimba, mikono ikatetemeka hata plaizi ikawa inamponyoka. Alfajiri ya Alhamisi, Januari 17, 2019, alifariki nyumbani kwake, watoto wake wote wawili wakiwa kando. Maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka yalikuwa, "Msiache la kumi na tatu likaisha."

Ijumaa nzima Leonard alizunguka na pikapu. Jioni aliingia jikoni na matope mpaka magotini.

"Dada, ni kumi na mawili. Nimehesabu mara tatu. Nimehesabu mpaka kulungu."

"Hesabu tena."

"Hesabu wewe! Labda alichanganyikiwa kweli, si wewe mwenyewe ulimpeleka kwa daktari?"

Darlene akalifungua daftari la mfukoni la marehemu. Humo kila hori lina namba na mahali pake: dirishani, mtoni, kwenye mti mkubwa wa mesquite. Mbele ya kumi na tatu pameandikwa "A., hatua 40", basi.

Jumamosi walikuja hapa kuonyesha mahali pa kuchimba. Bwana Eusebio Treviño, mchimba makaburi wetu, aliwapa pole, akavua kofia, kisha akauliza jambo lililokuwa likimsumbua.

"Sasa mbegu nani ataleta, señora?"

"Mbegu gani?"

"Za Don Erwin. Kila Jumapili gunia begani. Mwaka jana bega lilimshinda, akawa analiburuta. Nikamwambia nikusaidie, akasema hapana, huyu ni mke wangu. Mimi nilidhani mnajua!"

Akawapeleka kwenye uzio wa nyuma, upande wa kijito, ule wa nne usio na pamba. Nje yake, kwenye kichaka, lilikuwapo hori la waya, duara, nguzo tatu, viungo vyote vimesokotwa kuelekea kushoto. Viungo vya juu, vilivyoonekana kufungwa upya karibuni, vilikuwa vimesokotwa ovyo ovyo, vya mtu ambaye mikono inamtetemeka. Ndani zilibaki mbegu za kiganja kimoja. Darlene alirudi kwenye jiwe la mama yake, akageuka, akahesabu hatua kwa sauti. Arobaini. Alilia pale kwenye uzio, Leonard amemshika, Bwana Eusebio anaangalia pembeni. Darlene ndiye aliyeyaita wazimu maua yaliyoliwa, naye baba yake alikuwa amemrudishia mkewe dirisha lake.

Mpaka sasa Darlene haelewi kwa nini hakuongeza sentensi moja tu, kwenye gari, njia nzima ya kutoka Corpus Christi. Anamwomba radhi baba yake mbele yenu nyote, kwa kuwa mahali pengine pa kumwomba hapajabaki.

Marehemu ameacha watoto wawili, Darlene Chovanec Hall na Leonard Chovanec. Mkwe mmoja, Patsy wa Leonard. Wajukuu watatu, Kendra, Russell na Beth Ann. Dada mmoja, Agnes Chovanec Urbis. Mbwa aitwaye Bohous. Na mahori kumi na matatu. Leonard amelijaza la mwisho leo asubuhi kabla ya misa. Tunawashukuru kwa maua mliyoleta. Kesho mkipita mkakuta mabua, tafadhali msimpeleke mtu kwa daktari.

Alale salama karibu na Albina wake. La kumi na tatu halitaisha.