Jerikani Moja, Mtu Mmoja: Mzee Oboth Anaachia Geti

Miaka thelathini na tatu Mzee Yonasani Oboth amesimama kwa geti ya uwanja wetu wa Buteba, na Jumamosi hii, tarehe 28 Juni 2025, refa akipiga filimbi ya mwisho, Mzee anafunga hiyo geti na kwenda nyumbani kupumzika. Alianza 1992, akiwa mwanaume wa nguvu ametoka Sop Sop kuoa huku kwetu. Sasa ako na wajukuu kumi na moja na meno sita. Hayo meno alinihesabia mwenyewe.

Katibu wa kamati, Egesa, ndiye alisema niandike haya maneno ya programu ya mechi, kwa sababu mimi nauza njugu hapo getini mwaka wa kumi na tisa sasa, na hakuna kitu ya Mzee sijui. Aliniambia, "Asekenye, andika vile unaongea, lakini punguza." Nimepunguza.

Kazi ya Mzee mnaijua. Anakata nyasi, anapiga laini, anafunga nyavu, halafu anavaa lile koti la kijani na kusimama getini. Lakini kitu watu watamkumbuka nayo ni jerikani. Na ndiyo ilikuwa woga yetu tangu Pasaka, siku alisema anapumzika: kwamba akienda, jerikani itaenda na yeye.

Wageni wa Kiyeyi, majirani zetu, na wale wa ng'ambo, upande wa Kenya, hawajui hii mambo ilianza aje. Ilikuwa kiangazi ya 1997. Kiingilio kilikuwa kidogo, hata leo ni bei ya chapati moja, lakini kuna mtu hata hiyo chapati hana. Mama Taaka, wa hapa nyuma ya bomba la kupampu, alikuwa anapita na maji kwa kichwa. Akasikia watu wanapiga kelele ndani, miguu ikakataa kwenda nyumbani. Akamwambia Mzee, "Baba, mimi sina kitu, niko na haya maji tu." Mzee akaangalia pale golini. Vumbi tupu, golikipa anakaa kama mtu ametoka ndani ya mfuko wa simiti. Akamjibu, "Mwaga pale, halafu ingia."

Jumamosi ingine walikuja saba na maji. Mwezi kuisha, foleni ilikuwa imetoka getini mpaka kwa bomba, na nyasi ikaota mahali hatujawahi kuiona.

Basi ikawa sheria, jerikani moja, mtu mmoja. Mzee anainua kila jerikani na mkono mmoja kabla hujapita, na huo mkono hauna undugu. Ukileta nusu anakuambia, "Nusu ya maji, nusu ya mpira." Na si mchezo, mapumziko yakifika anakuja kukutoa. Mchungaji wetu alitolewa hivyo, siku timu yetu iko nyuma bao moja, akaangalia kipindi cha pili kupitia tundu ya ua. Jumapili akahubiri juu ya kipimo cha haki.

Sitaki mfikiri Mzee hajawahi kukosea. Amekosea, na mbuzi wa Buteba wote ni mashahidi. Siku ya mechi na Kiyeyi chokaa iliisha kabla hajamaliza boksi ya penalti ya goli la chini. Mzee akakimbia nyumbani, akabeba unga wa muhogo wa bibi yake, Akumu, akamalizia laini nao. Ilikuwa nyeupe kuliko chokaa, tukamsifu. Mapumziko kurudi, mbuzi wanne wamelamba boksi yote, hakuna hata alama. Dakika za mwisho mtu wa Kiyeyi akaangushwa hapo hapo. Refa, ni Opendi wa kushona viatu, akainama kutafuta laini kama mtu ameangusha sindano. Watu wetu wakasema ni nje. Kiyeyi wakasema ni ndani. Wakamwita Mzee.

Mzee akapima na hatua zake, akakanyaga kisigino chini. Akasema, "Mbuzi wamekula unga, hawakula uwanja. Boksi iko hapa. Ni ndani." Penalti, bao, tukafungwa nyumbani kwetu. Wiki nzima hakuna mtu alimsalimia, na nyumbani Akumu alimpikia chumvi na maji. Lakini tangu hiyo siku Kiyeyi wanakuja hapa bila wasiwasi, na wanakuja wengi, na njugu zangu zinaisha mapema.

Halafu kuna ile ya mwaka juzi. Kuna tajiri wa malori alitaka apewe uwanja aegeshe trela, zile zinangoja kuvuka mpaka. Barua yake ilisema uwanja umekaa bure. Maofisa wa serikali walikuwa waje kuangalia siku ya Alhamisi, na Alhamisi hatuna mpira. Vijana walianza kuongea maneno ya kurusha mawe. Mzee akachukua baiskeli, akapita nyumba kwa nyumba na neno moja tu: "Alhamisi leta maji."

Hao maofisa walikuta foleni kutoka kwa bomba mpaka goli la chini. Wamama, wazee, watu wa bodaboda, hata wa Kenya walivuka na jerikani zao. Mkubwa wao akauliza leo ni mechi gani. Mzee akasema, "Leo hakuna mechi, bwana mkubwa. Leo nyasi inakunywa." Kisha akamsimamisha getini na kumuuliza jerikani yake iko wapi. Sisi tulifunga macho. Yule mtu akacheka, akaazima jerikani na kwenda kupampu mwenyewe na viatu vyake vya kung'aa. Ilikuwa nusu. Mzee akamtembeza mpaka katikati ya uwanja, hapo akamwambia basi, umefika. Wiki tatu baadaye jibu lilikuja: uwanja ni wa watu, trela zitafute pengine.

Sasa mwezi jana kamati ilikaa kupanga zawadi. Wengine walitaka ng'ombe, wengine suti. Na hapo hapo watu wawili, siwataji, wanajijua, mmoja ako na tumbo, wakasema Mzee akienda na maneno ya maji yaishe, tuzungushe mabati, kila mtu alipe kwa simu. Mzee alikuwa anakula njugu zangu. Kufika zamu yake akasema, "Ng'ombe nani atachunga, mimi nimezeeka. Suti nitazikwa nayo, haina haraka. Nipeni jerikani ibaki."

Kamati ikakubali. Jumatatu Ofwono, fundi wa rangi, alipanda ngazi na kuandika juu ya geti, herufi nyekundu, maneno yale ya sheria. Hiyo ndiyo zawadi ya Mzee, na haibebeki kwenda nayo nyumbani.

Geti wamenipa mimi. Wiki mbili ananifundisha kuinua, mkono bado unauma.

Mzee Oboth, asante. Asante kwa siku ulimwambia Mama Taaka aingie, na kwa penalti ya Kiyeyi, sasa naweza kusema. Asante kwa ile Alhamisi. Akumu, asante kwa unga. Kamati inataka wiki ijayo ukae kwa viti vya wageni, na wewe umekataa, unasema utapanga foleni na maji kama mtu yeyote. Karibu. Ukae salama, ulale mpaka jua litoke, ule muhogo laini na hayo meno sita. Lakini Jumamosi ijayo nitainua jerikani yako na mkono mmoja, na ikiwa nusu, Mzee wangu, mapumziko nakuja kukutoa.