Trekta ya Kupita Mbele ya Jukwaa

Ubao wa kukalia mbele ya karakana ya baiskeli ya Mwenze, pale Katuba, hubeba watu wanne. Jioni ile ya tarehe kumi na tisa Mei ulibeba pia hofu ya Kalaba, nayo ilikuwa nzito kuliko wote. Kalaba, dereva wa shamba moja la njia ya Kipushi, alikuwa ameamriwa kesho asubuhi, kwenye gwaride la sikukuu ya Chama, avute kigari chenye picha ya kiongozi mbele ya jukwaa la wakubwa. Mgiriki mwenye shamba, alipoondoka, aliacha trekta mbili kuukuu za petroli: nyekundu na ya majivu. Lazima achague moja. Mwaka jana lori la mtu fulani lilizimika palepale, wakubwa wakasema ni hujuma. Mke wa mtu huyo alipokwenda kumwona kizuizini, aliambiwa alete koti la baridi tu. Basi Kalaba alishusha kikombe kitupu, na Mutale, mkewe, muuza kahawa wa ubao ule, alimimina kingine.

— Kamata ya nyekundu, ndugu, alisema Mwenze, aliyeitwa Ingénieur kwa kuwa alipaka grisi garimoshi miaka kumi. Ile ikishawaka, haizimake.

— Ikishawaka! alisema Kalaba. Na hii baridi ya asubui, ninazungusha manivelle, ile chuma ya kuwashia, mpaka mukono inavimba.

— Kamata ya majivu basi, alidakia Kasonde, jina la mtaani Radio, maana hafungi mdomo. Ile unaigusa tu, iko inalia.

— Inalia, kisha inapata moto sana. Ukitembea polepole, essence, petroli ile, inachemka mu tuyau ya kuipitisha, moteri inakufa. Na défilé ya kesho njo polepole yenyewe!

— Funga tuyau na kitambaa ya mayi ya baridi, Radio alisema.

— Bakubwa bataniuliza kama iko mugonjwa.

— Funganisha zote mbili! Ya mbele ikikufa, ya nyuma inasukuma.

— Na zikikufa zote, Ingénieur?

— Tuko na bantu, Radio alisema, akijipiga kifua. Tunaficha bantu kumi chini ya kigari, banasukuma na miguu. Hakuna mwenye atajua.

— Na mumoja akikohoa?

— Tunasema ni picha njo imekohoa!

Walicheka, kisha wakageuka wote kwa pamoja. Nyuma ya ubao alikuwa amesimama mtu mwenye abakosti, suti ya watu wa Chama, iliyopigwa pasi, beji ya Chama kifuani. Alikuwa mpangaji wa gwaride. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

— Citoyen Kalaba, alisema kwa upole. Kigari itasimama mbele ya jukwaa. Mukubwa atasema discours, hotuba yake, masaa mbili nzima. Wakati iko anasema, moteri utaizima, ao utaiacha inalia?

Nyekundu ikizimwa, itabidi manivelle mbele ya mji mzima. Ikiachwa, itafunika sauti ya mkubwa. Ya majivu ikiachwa, itajichemsha ife. Ikizimwa ikiwa ya moto, haitawaka. Kalaba alizizungusha kichwani mara tatu, na mara tatu alifika palepale.

— Utanijibu kesho, saa kumi na mbili ya asubui, mtu yule alisema, akaenda zake.

Ingénieur akakumbuka baiskeli ya kutengeneza, akaingia karakanani. Radio akaondoka bila kwaheri. Mutale aliinamisha birika, hakikutoka kitu.

— Mama, Kalaba alimwambia mkewe, koti yangu ya baridi iko wapi?

Mutale aliifunika birika, akaenda kulitafuta koti.