Presha ya Bariki

Benchi letu liko Bangwe, mbele ya kibanda changu cha viatu, mahali ambapo harufu ya dagaa wanaoanikwa haibishi hodi. Ni ubao wa mtumbwi uliostaafu, tumeutandika juu ya matofali, na wanaoukalia nao wamestaafu, ingawa wengine sijui walistaafu kazi gani. Yupo Mzee Alphonce, tunayemwita Mbeligiji, kwa sababu kwake kila kitu kilikuwa kizuri zaidi enzi za Wabelgiji waliowahi kutawala huku, na yeye kazaliwa wameshaondoka miaka arobaini. Yupo Leodgar, yaani Profesa, aliyekuwa mlinzi wa shule ya sekondari na kusikiliza masomo yote dirishani. Mimi ni Anatoli, fundi viatu, wananiita Soli. Kahawa anatuuzia Dismasi, mtu mpole, anayezunguka na birika lake tangu alfajiri. Asubuhi hiyo tulikuwa na furaha kubwa. Ofisi ya mtaa ilikuwa imebandika karatasi ya matokeo ya ule utafiti wa afya wa mwezi uliopita, na mtaa wetu ulikuwa wa kwanza. Presha nzuri, uzito mzuri, sukari nzuri. Sisi! Hata kwenye mpira hatujawahi kuwa wa kwanza.

Mbeligiji: Mimi nilijua tu. Huku tunakula dagaa na mifupa yake, vilima tunapanda bila kuombwa. Enzi za Wabelgiji watu wa huku walikuwa hawaugui kabisa. Walikuwa wanakufa tu.

Profesa: Hiyo ni sayansi. Presha ya mtaa ni mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Soli, unaelewa maana yake?

Mimi: Sielewi.

Profesa: Basi usinikatize.

Mbeligiji: Huyo Dismasi anakuja. Dismasi! Wa kwanza bwana! Mimina, leo tunywe kama mabingwa.

Dismasi: Simimini.

Tukatazamana. Dismasi namfahamu miaka kumi na tano, na sijawahi kumsikia akikataa jambo lolote. Aliweka birika chini, akasimama mbele yetu kama mwalimu aliyekuta darasa linapiga kelele.

Dismasi: Jana nimempeleka mama zahanati. Nesi ananiambia Alhamisi mbili zimebaki. Baada ya hapo kliniki ya presha na sukari inahamia mtaa mwingine, waliko wagonjwa. Huku karatasi inasema hakuna wagonjwa.

Furaha ikatukauka mdomoni. Mama yake Dismasi, Bibi Skolastika, tunamfahamu wote. Zamani, kabla kliniki ya Alhamisi haijafika mtaani, dawa zake za presha alizifuata hospitali ya mjini, huko juu mlimani. Mlima ukamshinda, akakaa miezi mitatu bila kidonge, akaanguka akiwa anapepeta mchele. Kiharusi. Mkono wa kulia haujarudi sawasawa mpaka leo. Sasa zahanati anafika kwa fimbo yake mwenyewe, pole pole, akisalimia nyumba hadi nyumba, na anapimwa kila Alhamisi. Hiyo Alhamisi ndiyo iliyokuwa inaondoka.

Dismasi: Wewe Mzee Mbeligiji. Walipokuja kwako, walimpima nani?

Mbeligiji: Mtu mzima wa nyumbani. Walisema mmoja kila nyumba.

Dismasi: Anaitwa nani huyo?

Mbeligiji: Anaitwa… Bariki.

Dismasi: Bariki yupi?

Mbeligiji: Huyu huyu, mpagazi wa Kibirizi.

Bariki ni kijana anayebeba magunia ya dagaa pale Kibirizi kuanzia mitumbwi inapotia nanga, na akimaliza anauliza kama kuna mengine. Meno yote yapo. Kifua kama kabati. Kwa Mbeligiji hana undugu hata wa kusingizia. Amepanga chumba nyuma ya msikiti.

Mbeligiji: Msinitazame hivyo! Mgeni akija nyumbani kwako unamchinjia kuku gani? Unamchinjia aliyenona. Humpi kuku mwenye kideri. Sasa mgeni kaja, hataki kuku, anataka mtu. Nimpe nani? Nimpe mimi, na magoti haya? Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Dismasi: Sasa nani amepona hapo?

Profesa: Subirini kwanza. Bariki mwenye kovu kwenye nyusi?

Mbeligiji: Ego. Huyo huyo.

Profesa: Mbona huyo kapimwa kwangu? Kama shemeji yangu.

Wakanigeukia mimi. Nikajifanya natafuta msumari kwenye kopo.

Mimi: Kwangu alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Alivaa shati la kijani.

Mbeligiji: Kwangu la bluu.

Profesa: Kwangu la mistari, nilimwazima mimi mwenyewe, na hajalirudisha. Yule dada aliyekuwa anapima upande wangu aliniambia, mzee, mbona huku mnafanana sana? Kumbe alikuwa ametoka kumwandika Bariki nyumba ya jirani sasa hivi! Nikamwambia, ukoo mmoja, mwanangu.

Wapimaji walikuwa watatu, kila mmoja na safu yake ya nyumba, kwa hiyo Bariki alipenya uani kwa uani akibadilisha mashati. Tukaanza kuhesabu, kutoka kona ya kanisa mpaka bomba la maji. Kila nyumba tuliyoitaja mmoja wetu alikuwa na habari zake. Kwa fundi baiskeli alikuwa mkwe. Kwa mama muuza mawese alikuwa mume, na mume mwenyewe alikuwa uvunguni anacheka. Tulifika nyumba kumi na moja. Kila nyumba ilimpa chakula. Kwangu peke yangu alimaliza ugali wa muhogo na migebuka miwili, kisha akapanda mzani.

Mimi: Ndiyo maana uzito wa mtaa ulikuwa unapanda kadiri walivyokwenda.

Profesa: Kitaalamu hiyo inaitwa sampuli.

Mbeligiji alianza kucheka, nami nikamfuata, maana kwa kweli ilichekesha. Mtaa mzima, kumbe aliyepimwa ni kijana mmoja. Tukacheka mpaka tulipoona Dismasi hacheki.

Dismasi: Na mimi nilimwita.

Mimi: Nani, wewe?

Dismasi: Mama alikuwa uani anaota jua. Nikasikia hodi. Nikamwinua, nikamwingiza chumba cha ndani, nikavuta pazia. Akaniuliza, mwanangu, nimekosa nini? Nikamwambia, nyamaza mama, kuna wageni. Kisha nikamtoa Bariki.

Mimi mwenyewe niliona aibu, maana hata kwangu kuna shangazi aliyeshinda jikoni siku hiyo, miguu imemvimba, na hakuna aliyemwambia atoke. Tulimpa mgeni kilichonona. Tulivyolelewa ndivyo tulivyofanya, na tulikosea.

Dismasi: Nesi anasema wanarudi. Wiki hii. Namba zetu zimewatia shaka, watapima upya nyumba chache.

Profesa: Ahaa! Ungeanza na hilo! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hapa panahitaji mkakati.

Mbeligiji: Mkakati ninao. Wakwe zangu wako Simbo. Huko kuna mjomba ana pafu moja, kuna shangazi ana gauti, kuna mzee mmoja akikohoa mbuzi wanakimbia. Tuwaazime siku mbili. Kila nyumba mgonjwa mmoja.

Mimi: Tumetoka kuazima mzima, sasa tuazime wagonjwa?

Mbeligiji: Dawa ya moto ni moto.

Profesa: Oya, hapana, hiyo ni gharama ya usafiri. Presha inatengenezwa hapa hapa. Mwenda pole hajikwai, si ndiyo? Kwa hiyo watu wakimbie. Tukisikia wapimaji wamefika kwa balozi, kila mtu ashuke ziwani, achote ndoo, apande nayo mbio. Akifika, mkono huo hapo, pimeni.

Mbeligiji: Wengine hawatafika.

Profesa: Hao wataandikwa kabisa! Au njia rahisi: alfajiri ya siku hiyo kila mwanaume amwambie mke wake anataka kuoa wa pili. Presha mbili kwa mpigo, ya bibi na ya bwana.

Dismasi: Profesa, mimi nazungumzia mama yangu.

Profesa: Na mimi namtetea mama yako! Ngoja nikupe sababu yenyewe ya kisayansi, uwaeleze. Kuhe anaishi wapi? Chini, ziwani. Juu yake kuna nini? Maji, mlima mzima wa maji. Yule samaki anagandamizwa mchana na usiku. Ana presha! Sasa wewe unamvua, unamkaanga, unamla. Ile presha inakwenda wapi? Kwako! Kwa hiyo wasipime watu. Washushe ile mipira yao ya kupimia ziwani, wapime ziwa. Ziwa likionekana lina presha, kliniki ibaki.

Mbeligiji: Enzi za Wabelgiji ziwa lilikuwa halina presha.

Wakati Profesa anashusha mipira ziwani, dada mmoja alikuwa amefika, wa miaka thelathini hivi, kitenge kiunoni, begi jeusi begani. Akasimama pembeni akingoja watu wamalize.

— Shikamooni wazee. Mwakeye?

— Marahaba, binti. Twakeye, karibu, — nikamjibu, nikamsogezea nafasi. — Unaitwa nani?

— Goreth. Naomba kahawa, kaka.

Dismasi aliyetunyima sisi akamimina mara moja, kwa mikono miwili. Mgeni ni mgeni.

Mbeligiji: Mwenyeji wa wapi, mama?

Goreth: Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi. Mimi ni wa Simbo.

Mbeligiji: Simbo! Mawe, mama yangu! Mungu hamtupi mja wake. Hebu tuambie, huko mnao wagonjwa?

Goreth: Wapo. Kama hapa tu.

Profesa: Hapa hakuna, hapa ni wa kwanza. Yaani tulikuwa. Sasa tunatafuta namna ya kuwa wa mwisho.

Akamweleza yote, na Mbeligiji akimsaidia pale alipopunguza: mashati, kuku aliyenona, ndoo, ndoa, kuhe. Goreth alikunywa kahawa yake taratibu. Hakucheka tulipotegemea acheke. Alipomaliza akarudisha kikombe.

Goreth: Samahani wazee wangu, nina swali moja dogo. Ya Bariki nimeisikia, mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Na ninyi wenyewe mnaokaa hapa, zenu ni ngapi?

Mbeligiji akamtazama Profesa. Profesa akatazama ziwa. Mimi nikatazama mikono yangu, iliyojaa gundi. Nina miaka hamsini na mbili, namba ya kiatu ya kila mtu mtaani naijua kwa kichwa, na hiyo niliyoulizwa sikuijua. Hakuna aliyeijua yake. Watu wazima wanne, tumebishana asubuhi nzima juu ya presha.

Goreth akafungua begi. Ndani kulikuwa na kipimo, na kishikwambi chenye nembo ile ile tuliyoiona kwenye karatasi ya ofisi ya mtaa.

Profesa: Lo! Kumbe mpimaji ndiwe!

Goreth: Ndimi. Nilitaka nianze na nyumba, lakini naona nianze na benchi. Nani wa kwanza?

Hakuna aliyejitokeza. Kisha Dismasi akakaa, akakunja shati.

Dismasi: Mimi. Mama yangu anapimwa kila wiki wala haogopi.

Mpira ukajaa, ukapungua. Goreth akatazama, akamwambia apumzike, asizungumze. Akapima tena. Birika lilichemka juu ya mkaa wake.

Goreth: Kaka, una miaka mingapi?

Dismasi: Arobaini na tatu.

Goreth: Kichwa kinakuuma asubuhi?

Dismasi: Mara nyingi. Si moshi wa mkaa huo?

Goreth: Mia na sitini na nane kwa mia na mbili. Nimepima mara mbili. Alhamisi usimsindikize mama tu. Ingia naye ndani, upimwe tena, uonane na daktari. Umewahi, kaka. Huu ndio wakati wa kuijua.

Dismasi alibaki ameshika mkono wake, kama si wake. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamshukuru Mungu kwa sauti, watu wakanisikia. Angeijua lini? Angeijua kwa kuanguka, kama mama yake.

Dismasi: Kwa hiyo kliniki inabaki?

Goreth: Kwa mtu mmoja hapana. Ninahitaji watu wa kweli, wazima na wagonjwa, kama walivyo. Nikiwapata hao, ile karatasi mimi mwenyewe nitaomba ibanduliwe.

Profesa: Andika Leodgar. L, E, O. Miaka sitini na mmoja. Nakojoa mara tano kwa usiku, na hili sijawahi kumwambia mtu.

Mbeligiji: Kaa chini, mimi ndiye mkubwa! Niandike mimi kwanza, nina magoti, nina macho, nina…

Profesa: Presha tu, mzee! Magoti yanaonekana!

Nikawaacha wanasukumana, nikaenda kumtoa shangazi jikoni. Nikapita kwa fundi baiskeli, nikapita kwa mama wa mawese, nikawaambia wageni wamerudi, na safari hii hawataki walionona. Tuliporudi foleni ilikuwa imepita kibanda changu. Bariki mwenyewe alikuwemo, na shati la Profesa mwilini, akiomba apimwe kwa jina lake walau mara moja.

Dismasi alikuwa ameenda nyumbani na kurudi, amemshika mama yake mkono. Bibi Skolastika alikuwa amefunga kilemba cha Jumapili. Tukamwachia benchi lote. Goreth akapiga goti mbele yake, akamshika ule mkono wa kulia.

— Shikamoo bibi. Hujambo? U mzima?

Bibi akatugeuzia macho mmoja mmoja, akamalizia kwa mwanawe.

— Oya, mwanangu, — akamjibu Goreth kwa sauti, foleni nzima ikasikia. — Mimi ni mgonjwa. Andika.