Tululu wa Kwenda Mwezini

Ndani ya basi dogo la kutoka Kourou kwenda Cayenne, Bibi Eudoxie, mshona nguo, alikuwa amepakata jora la kitambaa cha rangi ya fedha. Mjukuu wake Ornella, fundi wa kituo cha roketi, alitaka vazi la mwanaanga aende nalo dansi ya kanivali Jumamosi akiwa tululu, na roho ya bibi ilikuwa bado haijakubali kukitia mkasi.

"Mwanaanga!" mama wa kiti cha pili akaangua kicheko bibi alipomsimulia. "Tululu ni marinda na lesi, shoga! Siku hizi kila kitu roketi?"

Hapo bibi akapandwa na ubishi. "Tululu ni mwanamke aliyejifunika gubigubi asijulikane. Haya, nani kajifunika kumshinda mwanaanga?"

"Wanaume watakimbia!"

"Wakimbilie wapi? Tululu akikuomba dansi hukatai, hata awe anatoa moshi nyuma!"

Basi zima likacheka. Yule mama akakipapasa kitambaa hadi stendi.

"Mume wangu kila mwaka hunitambua kwa nyonga nikiwa tululu," akanong'ona akishuka. "Ndani ya vazi hilo atanijua?"

Bibi Eudoxie akachomoa utepe wake, akaanza kumpima palepale mlangoni, dereva akipiga honi.