Kufuli la Maumivu

Mbele ya duka la dawa za mifugo pale Silibwet kuna benchi ambalo, chai ya saa nne ikishamiminwa, halikosi ubishi. Asubuhi hiyo ubishi uliletwa na Kipsang, mtu wa maneno machache. Alikuwa ametoka hospitali na chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali, ya mamake, Edinah, ambaye saratani ilikuwa imemfika kwenye mifupa.

— Mofini? akashtuka Thuo, mwenye duka, aliyeitwa Profesa. Hiyo si ni ya watu wa kukata roho?

— Daktari amesema mwili uko na kufuli ndogo ndogo, Kipsang akajibu. Kwa ubongo, kwa uti wa mgongo. Hii dawa ni ufunguo. Ikiingia, habari ya uchungu haipiti vizuri.

Mathew, aliyeitwa Refa kwa kupenda kuamua kila jambo, akacheka.

— Dawa imetoka kwa maua ya ng'ambo. Sasa Mungu alipatia Mkipsigis kufuli ya maua hajawahi ona?

Swali hilo Kipsang alikuwa amemuuliza daktari.

— Ati mwili unajitengenezea funguo zake. Ndio maana unaweza jikata shambani na usikie uchungu baadaye.

— Ndio maana wakimbiaji wa huku wanashinda! Profesa akaruka. Nyinyi mlizaliwa na funguo debe nzima! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Lakini hiyo dawa ikizidi inafunga mpaka pumzi, Refa akaamua. Kadi nyekundu. Rudisha hiyo kitu.

Kipsang akaikaza chupa mfukoni. Hofu yake ilikuwa hiyo hiyo: kumuua mamake kwa mkono wake mwenyewe.

Loice, mchuma chai aliyekuja kununua dawa ya kupe, alikuwa amesimama akiwasikiliza.

— Samahani, akasema. Saa hii mama anaumwa ama haumwi?

Profesa akamtazama Refa, Refa akatazama barabara. Kipsang akainuka, akaenda bila kuaga.

Nyumbani alipima mililita tano kama alivyoandikiwa, si tone zaidi, akamnywesha. Akakaa kando ya kitanda akihesabu pumzi za mamake. Zilikuja moja moja, hazikukatika. Baada ya nusu saa hivi, kipaji cha uso kilichokuwa kimekunjana kikalegea.

— Kipsang, mama akaita polepole. Ng'ombe amekamuliwa na nani?

Lilikuwa swali la kwanza la Edinah kwa wiki mbili.