Moyo wa Shangazi Waenda Mbio

Mimi ndiye ninayemimina kahawa kwenye benchi la mbele ya fundi viatu, na niwaambie ukweli: hakuna anayekuja pale kwa ajili ya kahawa. Wanakuja kubishana. Yupo Profesa, dereva wa lori aliyestaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kusema “sijui”. Yupo Kipaza, aliyekuwa akiita abiria stendi, na mpaka leo akikunong’oneza siri mtaa mzima unaipata. Na yupo Hatamu, mtunza farasi wa ile shule ya kupanda farasi nyuma ya uwanja, mtu wa kukaa pembeni na kucheka wenzake wakicheka. Leo hakucheka. Kahawa yangu ikampolea mkononi, nami sipendi dharau hiyo, nikamuuliza kulikoni.

Hatamu: Shangazi anaondoka kesho.

Shangazi ni farasi jike, mzee. Watoto wanaojifunza kupanda ndio waliompa jina hilo.

Kipaza: Anaondoka kwenda wapi?

Hatamu: Shamba la mbali huko. Bosi kasema nimpime moyo akiwa amesimama tu. Mapigo yakizidi sitini kwa dakika, basi, hafai tena kubeba watoto. Akanipa ule mkanda wanaovaa wakimbiaji kifuani, unaotuma namba kwenye saa. Nimepima, mia na kumi na mbili. Nikarudia, ni ile ile. Nikamwambia bosi.

Profesa: Ukamwambia? Na wewe nawe.

Hatamu: Nimfiche? Nimemlea tangu hajajua kula nyasi. Akianguka na mtoto mgongoni je?

Profesa: Ngoja, ngoja. Mkanda ni wa binadamu. Binadamu ana miguu miwili, farasi minne. Gawanya kwa mbili. Hamsini na sita. Farasi mzima kabisa huyo.

Kipaza: Kwa hesabu hiyo jongoo angekuwa ameshapasuka zamani.

Profesa: Jongoo hapimwi. Hana kifua.

Kipaza: Mimi nasema yuko kwenye mapenzi. Hapo jirani yake kuna dume?

Hatamu: Kuna punda.

Kipaza: Umeona sasa. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Fundi viatu: Hiyo inaingiaje hapo?

Kipaza: Methali ni kama chumvi, inaingia popote.

Hatamu: Halafu bosi alipopita nikiwa bado napima, akataja lile shamba, namba ikaruka mpaka mia na thelathini.

Profesa: Basi yamekwisha. Huyo farasi anasikia lugha. Anayesikia lugha hapelekwi shamba bila ridhaa yake. Akashtaki.

Kipaza: Na punda awe shahidi.

Tukacheka, nami nikiwamo. Hatamu akasubiri tumalize.

Hatamu: Nyinyi chekeni. Asubuhi nikifungua banda, yule ndiye anayenigeukia. Nikimsemesha anatega masikio. Kesho kutwa nitamsemesha nani?

Profesa akanisogezea kikombe nimwongezee.

Pale mlangoni kwa fundi alikuwa amesimama dada mmoja ambaye hatukumjua, kiatu kimoja mguuni na kingine kwa fundi, akingoja soli ishike gundi. Muda wote alikuwa anatusikiliza.

Dada: Samahanini jamani. Mkanda wa mtu ulimtoshaje farasi?

Hatamu: Haukumtosha, dada yangu. Hata nusu haufiki. Nililowesha manyoya, nikalowesha na zile sehemu mbili za kupimia, nikazishikilia ubavuni kwa vidole. Moja mkono huu, moja mkono huu.

Dada: Na vidole navyo vimelowa?

Hatamu: Chapachapa.

Dada: Sasa ile saa ilikuwa inahesabu moyo wa nani?

Fundi akatoa misumari mdomoni. Hatamu uso ukamkunjuka, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Hatamu: Kumbe Shangazi hana ugonjwa wowote. Maskini, nimemsingizia bure. Ule mkanda nitauunganisha na lastiki ya tandiko, umzunguke mzima, nikae mbali nao. Bosi bado hajaita gari.

Profesa: Nilisema mimi kwamba mkanda ni wa binadamu.

Dada: Na wewe je, kaka? Mia na kumi na mbili, umesimama tu. Nyumbani una nani wa kukupeleka hospitali?

Hatamu alikuwa ameshainuka. Akatutazama mmoja mmoja, na nadhani alitaka kusikia tutasemaje. Profesa, aliyejua mpaka kifua cha jongoo, alikuwa anachungulia ndani ya kikombe. Mimi nimemmiminia mtu yule miaka na miaka. Najua hataki sukari. Kama ana mke, kama alizaa, kama ana ndugu hata mmoja, sikuwahi kumuuliza, na iliniuma palepale.

Hatamu: Kwanza Shangazi, dada. Mengine baadaye.

Akaenda zake, mbio mbio, kuelekea uwanjani. Dada akapewa kiatu chake, akakivaa, akabaki anatungoja.

Dada: Mfuateni basi. Au mkamsubiri kwake.

Kipaza akatugeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa ndogo.

Kipaza: Kwani yule anakaa wapi?

Tukatazamana. Hakuna aliyejua.